Kabla hujapanda pikipiki kwenda kijijini

Mdogo wangu mmoja, daktari mpya, alinipigia juzi: kapata kazi hospitali moja ya kijijini upande wa Mwenga, Kivu Kusini, Kongo, aende asiende? Nilimwambia aende. Ila kuna mambo sikuuliza zamu yangu, yakanitesa.

Pesa kwanza, wala usione haya. Kama huna matirikule, yaani namba ya mtumishi wa serikali, serikali haijakujua bado. Utaishi kwa posho inayotokana na wanacholipa wagonjwa, na mgonjwa wa kule hulipa akivuna au akiuza dhahabu. Mwezi mmoja nilipata dola 60 na kuku wawili. Likizo nayo iandikwe kwenye karatasi. Mimi niliahidiwa kwa mdomo, nikakaa miezi 14.

Halafu uliza: usiku nani yuko? Usiku mmoja wa mvua aliletwa mama kwa kipoyi, machela ya kubebwa na watu, mtoto kakaa vibaya tumboni, mkono umetangulia kutoka. Kumpeleka mjini Bukavu haiwezekani, malori yalikuwa yamekwama kwenye tope tangu juzi yake. Tumepasua tayari, jenereta ikakohoa, ikazima. Mafuta yalikuwepo stoo; ufunguo alikuwa nao mhasibu, na mhasibu yuko Bukavu! Tulimalizia kwa tochi ya simu. Bahati dawa ya usingizi, ketamini, haidai mashine, mgonjwa anapumua mwenyewe, na aliyekuwa kichwani pake ni muuguzi mzee aliyeanza kulaza watu usingizi mimi nikiwa shule ya msingi. Bila yeye, leo ningekuwa nauza simu sokoni Kadutu, Bukavu. Mama na mtoto walipona.

Basi ukifika, mtafute mzee wa namna hiyo kabla hujamtafuta mkurugenzi. Mwite papa, kaa naye, muulize ufunguo wa mafuta unalala wapi.

Beba taa mbili za kichwa na paneli ndogo ya sola. Damu usitegemee friji: pima mapema watu wa kundi O wanaokaa jirani, uandike majina yao. Daftari langu lilikuwa na mwalimu, wachimba dhahabu wawili na pasta.

Na uwe na namba ya mpasuaji wa mjini anayekubali kuamshwa. Wangu aliitika kila mara, "Sema haraka, uniti zisiishe." Mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu ya jiwe nyuma ya chumba cha maiti. Mdogo wangu nimemwambia alitafute jiwe lake siku ya kwanza, mchana.