Usiache kazi kwanza
Ndugu yangu, nimekuelewa: una miaka 24, unaishi Marekani, umechezesha mechi za watoto misimu miwili, na sasa unataka kuacha kazi ya ghalani ili uwe mwamuzi wa besiboli wa kulipwa. Usiiache bado. Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani (MLB) ina waamuzi wa kudumu 76 tu, na nafasi hufunguka kwa nadra. Jen Pawol, mwanamke wa kwanza kuamua mechi ya msimu wa kawaida huko, aliingia ligi ndogo, zile za ngazi ya chini yake, mwaka 2016 na akangoja hadi 2025. Endelea na mechi za sekondari, uhudhurie kambi ya waamuzi, na umwone daktari akupime macho na magoti, maana kuchuchumaa nyuma ya mdakaji, yule anayedaka mpira unaorushwa kwa mpigaji, kila usiku si mchezo. Iwapo kibali chako cha kazi kinamtegemea mwajiri wa sasa, muulize kwanza wakili wa uhamiaji.