Herufi za Kigiriki kwenye wasifu wa mwombaji kazi

Kwa miaka tisa nimekaa kwenye majopo ya usaili wa kazi za uhasibu katika jimbo la Maryland, Marekani, na hakuna mstari wa wasifu ulionisumbua kuliko ule unaotaja fratenati (za wanaume) au sororiti (za wanawake), yaani vyama vya udugu vya wanafunzi wa vyuo vikuu vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki. Aliyeapishwa humo huhesabiwa ndugu maisha yake yote, na undugu huo humfuata hadi kwenye chumba cha usaili.

Siku moja mwenyekiti wa jopo letu aligundua kwamba kijana aliyeketi mbele yake alitoka katika chama chake mwenyewe. Nusu ya muda ilikwisha wakizungumzia nyumba ya chama na watu wanaofahamiana. Mwombaji aliyefuata, ambaye alikuwa amejisomesha kwa kufanya kazi zamu ya usiku, aliulizwa maswali yote ya kazi mfululizo, bila hata neno la kumtuliza. Tulimwajiri yule wa kwanza. Hakuwa mfanyakazi mbaya. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hatukumpima, na kwa hiyo hatukupata kujua kama yule wa pili angetufaa zaidi. Mimi nilinyamaza, na kimya changu kilikuwa sehemu ya uamuzi ule.

Miaka miwili baadaye nilikosea kwa upande wa pili. Alikuja binti aliyeandika sororiti yake, nami niliyesomea Tanzania nilikuwa nimejaa habari za ulevi na za wanachama wapya kuteswa, mambo ambayo ni ya kweli kiasi cha kutungiwa sheria ya shirikisho mwaka 2024 inayovitaka vyuo kutangaza matukio hayo. Nikampunguzia alama kabla hajafungua kinywa. Mwenzangu, mama Mmarekani mweusi, ndiye aliyemuuliza alifanya nini hasa humo. Kumbe alikuwa mhazini: alikusanya ada za wanachama, akalinganisha daftari na taarifa ya benki kila mwezi, akaandaa bajeti na kuitetea mbele ya wenzake. Hiyo ndiyo kazi tuliyokuwa tukimtafutia mtu.

Mwenzangu huyo alinieleza baadaye kwamba fratenati ya wanafunzi weusi ya Alpha Phi Alpha ilianzishwa mwaka 1906 katika Chuo Kikuu cha Cornell, na sororiti ya Alpha Kappa Alpha mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, wakati ambapo mwanafunzi mweusi alifungiwa milango mingi ya maisha ya chuoni na nje yake. Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama Kuu ya Marekani, na Martin Luther King walikuwa wanachama wa Alpha Phi Alpha. Katika vyama hivi mtu huendelea kulipa ada na kuitumikia jamii hata baada ya kustaafu, jambo ambalo sikuwa nalijua nilipokuwa nikimhukumu yule binti.

Hata hivyo, historia hiyo haimpi mwanachama haki ya kutangulizwa. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi wa rangi, dini, jinsia na asili ya taifa kazini. Haitaji vyama hivi, lakini fratenati kwa kawaida ni za wanaume, nyingi zina wanachama wa rangi moja, na ada zake huwazuia wengi wasio na uwezo. Mwaka 1971, katika kesi ya Griggs dhidi ya Duke Power, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kigezo kinachowaengua watu wa rangi fulani bila kuhusiana na kazi yenyewe hakikubaliki, hata kama mwajiri hakukusudia kubagua. Upendeleo wa ndugu wa chama unaweza kufika huko upesi.

Kwa hiyo ninawashauri wenzangu wanaosaili: msaili aliye wa chama kimoja na mwombaji aseme hivyo mapema na asimpe alama, swali la uongozi aulizwe kila mwombaji, awe aliongoza sororiti, kwaya ya kanisa au zamu ya usiku ghalani, na alama ziandikwe kabla ya mazungumzo ya pembeni kuanza.

Mwaka huu mtoto wa kaka yangu aliniuliza, "Shangazi, niiandike sororiti yangu au niifiche?" Nilimwambia aiandike, lakini aanze na cheo alichoshika, kiasi cha fedha alichosimamia na kazi aliyoikamilisha. Jina la chama likae mwisho wa mstari.