Utulivu wa Mnyama Usiusadiki Upesi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Ni dalili ipi inayokuonyesha kwamba mnyama ana raha, au kwamba kuna kinachomsumbua?" Nadhani barua nyingi zitautaja mkia wa mbwa na mngurumo wa paka. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na dalili ninayoitilia shaka kuliko zote ni ile inayosifiwa sana: utulivu.

Mnyama anayewindwa ana sababu ya kuficha maumivu, kwa kuwa anayechechemea kundini ndiye anayekamatwa kwanza. Punda ni bingwa wa kuficha. Farasi akishikwa na msokoto wa tumbo hugaagaa, huparapara ardhi kwa kwato, hugeuza shingo kuutazama ubavu wake. Hata mtoto atajua kuna jambo. Punda mwenye maumivu yale yale anaweza kuacha kula na kuinamisha kichwa, basi. Mwenyewe atasema punda wangu leo mpole, kisha atampakia mzigo.

Hata farasi si kila mara huonyesha wazi. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walieleza hali waliyoikuta kwa baadhi ya farasi wa shule za upandaji: farasi amesimama shingo ikiwa sawa na mgongo, macho wazi yamekazwa mahali pamoja, masikio hayachezi, na ukimgusa hashtuki kama wenzake. Mgeni akipita ataona farasi aliyefunzwa adabu. Watafiti hao waliifananisha hali hiyo na sonona ya binadamu.

Kwa upande mwingine yupo mnyama anayerudia kitendo kimoja bila kukoma: nguruwe jike anayetafuna vyuma vya kizimba, chui anayekwenda na kurudi njia ile ile, farasi anayeng'ata ukingo wa mlango huku akivuta hewa. Hiyo ni dalili mbaya, lakini inakusimulia zaidi habari za banda kuliko za mnyama mmoja mmoja. Katika banda lile lile bovu, anayetafuna chuma pengine ana nafuu kuliko jirani yake aliyejilaza akikodoa macho. Tena tabia hii ikishazoeleka huweza kubaki hata baada ya mnyama kuhamishiwa mahali pazuri. Ndiyo maana siupendi ule mkanda anaofungwa farasi shingoni ili asing'ate mlango. Unamziba mdomo shahidi. Nguruwe naye, kabla ya kumlaumu, mpe majani makavu ya kutafuna na kujaza tumbo. Mara nyingi kutafuna vyuma hupungua.

Kwa hiyo mimi hutazama kilichokoma kabla ya kutazama kilichozuka. Ng'ombe wa maziwa mwenye pa kulala pazuri hulala jumla ya saa 10 hadi 14 kwa siku, na sehemu kubwa ya kucheua huifanya akiwa chini. Nikimkuta amesimama tu wakati wenzake wamelala, au ameweka miguu ya mbele ndani ya kilalio na ya nyuma ameiacha nje, siulizi tabia yake. Nakagua sakafu kama ni ngumu, ina majimaji au ni finyu. Kisha namtazama akitembea. Anayeanza kuumwa miguu husimama mgongo umenyooka, lakini akipiga hatua mgongo unapinda. Ukisubiri mpaka uuone mguu ukichechemea, umechelewa. Na ndama? Ndama wenye afya hukimbia ovyo mkia juu, wakirusha mateke hewani bila sababu yoyote. Wakipunguziwa maziwa, au wakitoka kuunguzwa vichipukizi vya pembe, michezo hiyo hupungua.

Kuhusu paka nina neno fupi: hunguruma hata akiwa na maumivu, kwa hiyo tazama uso. Masikio yakitengana na kugeukia nje, macho yakifinywa, mdomo ukikazwa, sharubu zikinyooka na kichwa kikiwa chini ya usawa wa mabega, mpeleke kwa daktari. Mbwa naye akitikisa mkia uliosimama wima na kukakamaa, hajafurahi kukuona.

Tena tusijifanye tunajua kinachompendeza mnyama bila kumpa nafasi ya kuchagua. Mwaka 1965 kamati ya serikali ya Uingereza iliyoongozwa na Profesa Rogers Brambell ilishauri kuku wa vizimbani wasiwekwe juu ya wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita. Mwaka 1973 watafiti Hughes na Black waliwaachia kuku wachague wenyewe, na kuku wakaupenda wavu ule ule uliokataliwa. (Kamati ile haikuwa ya wajinga. Ndiyo iliyodai kwamba mnyama awe angalau na nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo.) Lakini kuku aliyekaribia kutaga husukuma mlango mzito ili akifikie kiota, na hilo lisingejulikana kwa kumtazama tu amekaa kizimbani. Mtafiti wa tabia za wanyama Marian Dawkins, wa Chuo Kikuu cha Oxford, amelifupisha suala zima kuwa maswali mawili: wanyama wana afya, na wana kile wanachokitaka? Nayapenda kwa sababu hayanilazimishi kukisia yaliyomo moyoni mwa kuku.

Shida iliyobaki ni sisi wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwarekodi kwa kamera farasi waliolazwa kwa matatizo ya mifupa na viungo, na ikaonekana kwamba mtunzaji alipoingia, dalili za maumivu zilipungua. Kwa hiyo anayechungulia mlangoni kwa dakika mbili anamwona mnyama aliye na mgeni. Acha simu inarekodi bandani, ondoka, uje kuitazama baadaye. Rekodi pia siku ambayo mnyama ni mzima kabisa, upate cha kulinganisha.