Mjomba, wasiwasi wangu si vifaru

Mjomba, shikamoo. Jumapili uliponiuliza kama ni kweli Marekani itaimeza Kanada, na kama nianze kufunga virago, nilikujibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa naingia kazini. Leo nina nafasi. Msomee na mama.

Wanajeshi sitarajii kuwaona. Hapa Windsor ninapoishi, kati yetu na mji wa Detroit, Marekani, ni mto tu. Usiku nikisimama ukingoni naona taa za majumba yao. Januari 2025 Trump aliulizwa kama angetumia jeshi kuichukua Kanada, akasema hapana, angetumia nguvu za kiuchumi. Nyinyi huko mlisikia "hapana" mkashusha pumzi. Sisi tulisikia hayo yaliyofuata.

Takribani robo tatu ya bidhaa ambazo Kanada inauza nje zilikuwa zinakwenda Marekani. Kiwanda chetu kinatengeneza vipuri vya magari, na kipuri kimoja huweza kuvuka mpaka mara kadhaa, kichongwe huku, kinolewe kule, kirudi tena kuunganishwa, ndipo gari likamilike. Sasa piga hesabu ya ushuru wa asilimia 25 uliotangazwa mwanzoni mwa 2025. Kwetu zamu ya usiku ilifutwa. Wenzangu wawili tuliokuwa tunakula meza moja waliambiwa wakae nyumbani hadi watakapoitwa, na hawajaitwa. Ukitaka kujua nchi rafiki inavyoweza kukubana bila kufyatua risasi, ni hivyo.

Kuinyakua kabisa ni jambo jingine. Marekani haipati jimbo jipya bila Bunge lake kuridhia. Huku nako, kugusa tu cheo cha Mfalme wa Uingereza, ambaye ndiye mkuu wa nchi yetu pia, kwenye katiba kunahitaji Bunge la taifa pamoja na mabunge ya majimbo yote 10, na majimbo kama Quebec na Alberta sijawahi kuwasikia wakikubaliana hata kwa madogo. Wananchi wenyewe hawataki. Kura za maoni zilionyesha karibu watu tisa kati ya kumi wanakataa. Mei 2025 Waziri Mkuu Carney alikwenda hadi Ikulu ya Marekani akamwambia Trump ana kwa ana kwamba Kanada haiuzwi.

Halafu mto huu una kumbukumbu zake. Julai 1812 Jenerali Hull wa Marekani aliuvuka na jeshi lake, akawatangazia wenyeji wa huku kwamba amekuja kuwatoa kwenye udhalimu. Hakupokewa alivyodhani. Akarudi ng'ambo, na Agosti akaisalimisha Detroit yenyewe kwa Waingereza na wapiganaji wa Tecumseh, kiongozi wa wenyeji asilia.

Lakini kinachoniumiza hasa ni watu. Jirani yangu ni bibi wa miaka sabini na kitu, dada yake ameolewa Detroit. Kila wiki alikuwa anavuka daraja kwenda kumwona. Siku hizi haendi. Anasema hawezi kuonyesha pasipoti yake kwa nchi inayoiita ya kwake jimbo la 51. Wakanada hawa ndio ambao mwaka 2001, anga ya Marekani ilipofungwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, mji wao mdogo wa Gander ulipokea ndege 38, wenyeji wakawalisha na kuwalaza maelfu ya abiria bila kudai senti. Imani ya namna hiyo ikivunjika, sioni mkataba wa biashara utakaoirudisha.

Kwa hiyo sirudi, mjomba, si kwa sababu hii. Mdogo wangu naye akipata chuo aje, ila asisomee kazi inayotegemea kuuza ng'ambo ya mto huu peke yake.

Na ile pesa ya mama iliyopungua. Nilimwambia ada za kutuma zimepanda. Haikuwa kweli. Saa zangu za kazi zilikatwa, na nilishindwa kumwambia.