Siku Tatu za Baba: Kwa Wenzangu Wanaotarajia Mtoto wa Kwanza

Kila mwaka ofisini kwetu hapa Mbeya hupokelewa vijana wapya, na haupiti muda mrefu kabla mmoja wao hajanivuta pembeni na kuniambia, kwa sauti ya mtu anayekiri deni, kwamba mkewe ni mjamzito. Nami humuuliza swali moja tu: siku zako tatu umezipangaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa baba likizo yenye malipo isiyopungua siku 3, nazo lazima zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama hupewa siku 84, na akijifungua pacha hufikia 100. Baba wa pacha hubaki na zile zile tatu, labda kwa kuwa mtunga sheria aliona mikono yake ni miwili na watoto ni wawili.

Mimi zangu nilizichezea. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji, nikaanza kuzihesabu siku ile ile, nikazimaliza kwenye benchi la nje ya wodi nikipokea simu za pongezi, na asubuhi aliyoruhusiwa kurudi nyumbani nilikuwa mezani kwangu nikigonga mihuri. Kwa hiyo mwandikie mwajiri barua mapema, na ikiwa wodini yupo ndugu wa kumhudumia mama, zitunze siku zako hadi atakapotoka, mradi zile saba zisikupite.

Jambo la pili ni baridi, hasa kwa mliotoka Pwani. Mwanetu alizaliwa mwezi wa sita, wakati ambapo nepi za kitambaa huanikwa asubuhi na kuanuliwa jioni zikiwa bado na unyevu. Nilijifunza kuzikausha kwa pasi saa tano za usiku, moja baada ya nyingine, mvuke ukinipanda usoni, na nakiri kwamba hakuna kazi ya ofisini iliyowahi kunipa fahari kama lile rundo dogo jeupe lenye joto. Usije ukashawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, kwa maana hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Mlaze mtoto kifuani pako, ngozi kwa ngozi, mjifunike blanketi huku uso wake ukiwa wazi, na ukihisi usingizi mrudishe kwa mama yake.

Jambo la tatu ni wageni, na hapo ndipo ubaba wangu ulipoanza hasa. Kwa desturi ya Kinyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawakutani uso kwa uso. Baba yangu, mzee wa Rungwe, alipokuja kumwona mjukuu, nyumba yetu ya vyumba viwili na sebule iligeuka kuwa nchi mbili zenye mpaka wa pazia, nami nikawa balozi wa pande zote. Mzee alisema, "Mwambie mkamwana wangu uji ni mzuri," na mke wangu, aliyekuwa hatua tatu nyuma ya pazia na amesikia kila neno, alingoja nilirudie ndipo ajibu, "Mwambie baba nashukuru." Nilibeba uji, nikabeba salamu, nikambeba mtoto kwenda na kurudi mara nyingi kiasi kwamba kufikia siku ya pili nilikuwa namshika shingo bila kufikiri. Kwa hiyo usiione desturi ya wazee kuwa usumbufu; waulize mapema wanachohitaji, kisha wapangie njia za kupita.

Baba hakuwahi kuwabeba wanawe, na alilisema hilo waziwazi, kama mtu anayetaja umri wake. Siku ya nne nilikwenda bombani kuchota maji na nikachelewa kwenye foleni. Niliporudi nilimkuta amesimama sebuleni, mtoto yuko mgongoni kwa kitenge kilichofungwa vibaya, na paji la uso amelielekeza ukutani, ili mkamwana wake apite kwenda uani kuanua nepi.