"Sawa" ya WhatsApp haitoshi kutoa rekodi za mteja

Mshauri nasaha wa Mombasa ameniuliza: mteja wake, anayefanya kazi za nyumbani Muscat, Oman, anataka wakili apewe rekodi za vikao vyake. Ametuma ujumbe wa WhatsApp, "Sawa, mpe tu." Je, yatosha?

Haitoshi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa iliyo wazi, ya hiari, mahususi, ya mtu anayeelewa anachokubali. Na kifungu cha 32 kinakubebesha wewe mzigo wa kuithibitisha. "Sawa" haisemi nani kaandika, wala rekodi zipi.

Andaa fomu ya ukurasa mmoja. Taja rekodi kwa aina na tarehe: "muhtasari wa vikao vya Januari hadi Juni", si "faili langu lote". Mara nyingi wakili anahitaji muhtasari tu, na ya vikaoni yakishatoka hayarudi. Andika anayetoa, anayepokea, sababu, siku ridhaa inapokwisha, na namna ya kuiondoa.

Kisha piga simu ya video kwa namba iliyo kwenye faili, hata kama ujumbe ulitoka kwingine. Linganisha uso na kitambulisho. Ikiwa pasipoti imeshikwa na mwajiri, uliza mambo mawili ya failini ambayo wa nyumba ile hawezi kuyajua.

Wengi huruka hili, nalo ndilo zito kuliko yote: je, yuko peke yake? Muulize kwa maswali ya ndiyo au hapana. Akisita, ahirisha. Halafu akueleze mwenyewe nani atapata nini. Akisema "chochote unachoona", bado hajaridhia.

Asaini kwa mkono, apige picha ukurasa mzima, pembe zote nne zionekane. Hifadhi picha hiyo pamoja na ujumbe ulioileta. Andika saa za pande zote mbili, maana Muscat iko saa moja mbele: fomu ya saa 4 asubuhi ya huko na rekodi zilizotumwa saa 3 na nusu ya huku zitaonekana kana kwamba ulituma kabla ya ridhaa.

Tuma kurasa hizo tu, zikiwa na nywila, na nywila umsomee wakili kwa simu ya ofisi yake. Mteja akibadili nia, andika saa, simamisha, mjulishe wakili. Kilichotumwa kabla ya hapo kinabaki halali, na hilo aambiwe kabla hajasaini.