Sato wa Arusha Anauawa na Shibe

Msomaji wa Njiro ameniandikia wiki hii. Ameanza akwaponiki, yaani samaki na mboga kwa maji yale yale: pampu huyapandisha kutoka kwenye tanki hadi vitanda vya kokoto vyenye mboga, kisha yanarudi kwa samaki. Tanki la lita 1,000, vifaranga 60 wa sato, maji kajaza Jumamosi, samaki wakaingia Jumapili. Siku ya kumi na mbili nusu wanaelea. "Maji ni meupe mkuu, unaona hadi chini. Ni baridi hii ya Julai?"

Baridi imechangia, lakini muuaji ni amonia, na amonia haina rangi. Samaki huitoa kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huiongeza. Kokoto za kwenye vitanda zipo ili zibebe bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitreti, ambayo ndiyo mbolea ya mboga. Tanki la jana halina bakteria hao hata kidogo.

Kwa hiyo endesha pampu wiki tatu hadi tano bila samaki, ukitia kijiko cha dagaa waliosagwa kila siku waozee humo. Pima kila baada ya siku mbili. Amonia itapanda kisha itashuka, nitriti itafuata njia hiyo hiyo, na zote mbili zikikaribia sifuri huku nitreti inaonekana, leta samaki. Maji yakiwa chini ya nyuzi 17 bakteria huzubaa, hesabu hata miezi miwili. Anayekwambia wiki moja inatosha, huyo anauza vifaranga.

Halafu kuna maji yetu. Visima na chemchemi nyingi za upande wa Meru hupita kwenye miamba ya volkano na kutoka na magadi na floraidi, na pH (kipimo cha asidi au magadi ya maji, 7 ikiwa katikati) inayozidi 8 si ajabu. Ndiyo maana kupima amonia peke yake hakutoshi: kwenye pH 8 sehemu yake iliyo sumu ni kama mara kumi ya ile ya pH 7. Kinga maji ya masika, changanya nusu kwa nusu, pima tena. Ya bomba yenye klorini yalaze siku mbili kwenye pipa lililo wazi. Kokoto nazo zidondoshee siki kabla hujalipa. Zikitoa povu zina chokaa na zitapandisha pH kila siku. Zile nyepesi za volkano, zenye vitundu, ndizo bora, ila zioshe mpaka maji yatoke safi.

Samaki 60 kwenye lita 1,000 ni tamaa. Weka 25. Wakifika gramu 400 kila mmoja ni kilo 10, watakula kama gramu 100 kwa siku, na hizo zinalisha mita mbili za mraba za mboga za majani: sukuma wiki, chainizi, figiri. Vitanda viwe na kina cha sentimita 30, maji yaishie sentimita 5 chini ya uso wa kokoto ili mwani usiote. Pampu itoe lita 1,000 hadi 1,200 kwa saa kwenye kimo cha kitanda chako. Namba ya kwenye boksi ni ya kimo sifuri. Ipandishe mita moja na nusu uone inavyotiririka kama bomba la siku ya mgao.

Sasa baridi. Ning'iniza kipimajoto kwa uzi, kina cha sentimita 30, usome saa kumi na mbili asubuhi. Sato hukua vizuri kwenye nyuzi 27 hadi 30. Chini ya 20 hamu ya kula inakufa, na hapa ndipo watu wanapoua samaki kwa huruma: wanaona hawakui, wanaongeza chakula. Punje zinalowa, zinazama kwenye kona, zinaoza, na bakteria wenyewe wamelala. Chini ya 20 punguza chakula hadi robo, ulishe saa saba mchana jua likiwa limeshapiga tanki. Chini ya 17 usilishe kabisa; samaki mwenye afya hafi kwa kufunga siku chache. Kisichoisha ndani ya dakika 15 kitoe kwa chujio la chai.

Vitanda ndivyo vinavyopoza maji usiku, kwa sababu kila mzunguko unapita kwenye kokoto baridi. Weka pampu kwenye taima, usiku izunguke mara moja kila saa mbili, lakini hewa isikatike. Nunua na pampu ndogo ya hewa ya betri, umeme hauagi ukiondoka. Zungushia tanki godoro chakavu, funika vitanda kwa nailoni ya kitalu.

Samaki wakipiga midomo juu ya maji, acha kulisha, ongeza hewa, badilisha theluthi ya maji kwa yaliyolazwa. Kama kipimo kinaonyesha nitriti, tia kilo moja ya chumvi isiyo na madini joto kwa lita 1,000.

Ndugu wa Njiro, usinunue vifaranga wengine sasa. Anza dagaa Agosti, ingiza sato dume mwanzoni mwa Oktoba, vua Mei kabla baridi haijarudi. Wa Moshi, mlio chini yetu kwa kama mita 500, mnaweza kuanza mwezi mmoja mapema.